Bunduki ya Upepo kwa Mtoto Anayeanza

  Tayarisheni madaftari yenu. Kiongozi wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno matano haya, tena kwa herufi kubwa ili walio nyuma wayaone: MTUTU, KITAKO, KIFYATULIO, SPRINGI, RISASI. Tutakutana nayo mara nyingi katika somo la leo.

Somo hili limetokana na barua. Mwenzetu mmoja, mama anayeishi Uingereza pamoja na mumewe, ametuandikia kwamba binti yao ana umri wa miaka 12. Siku moja vijana wa chama chake walipelekwa mahali pa kupiga shabaha kwa bunduki za upepo, na binti huyo akarudi nyumbani hana habari nyingine ila hiyo. Baba amefurahi, naye ameahidi kumpa bunduki yake mwenyewe siku atakapotimiza miaka 13. Mtu anayefanya kazi naye anauza bunduki ya upepo iliyokwisha kutumika, kubwa, nzito, kwa bei nafuu. Baba asema hiyo ndiyo inayofaa, kwa kuwa ina nguvu na mtoto atakua nayo. Mama hana raha. Anatuuliza: kwa mtoto anayeanza, bunduki rahisi ni ipi?

Swali zuri. Nanyi mlio huku Afrika ya Mashariki, sikilizeni pia, maana wengi wenu mna ndugu huko ng'ambo, na bunduki za namna hii hata huku si ngeni. Ila neno moja kwanza: mtu asinunue wala kuazima bunduki ya upepo kabla ya kwenda polisi kuuliza sheria ya nchi yake. Sheria hazifanani. Leo tutasema sheria ya Uingereza kwa sababu ndiko barua ilikotoka.

Basi, bunduki ya upepo ni kitu gani? Ni bunduki isiyo na baruti. Kinachosukuma risasi ni hewa iliyobanwa. Kama mnayo pampu ya baiskeli hapo darasani, zibeni tundu yake kwa kidole, kisha mtu asukume mpini. Mwaona jinsi kidole kinavyosukumwa? Bunduki hufanya kazi iyo hiyo, ila kwa nguvu nyingi zaidi, na mbele ya hewa imewekwa risasi ndogo.

Watu wengine, wakisikia haina baruti, huiita kitu cha kuchezea. Hilo ni kosa. Jeshi la Austria lilikuwa na bunduki za upepo za vita tangu karibu mwaka 1780, na Lewis na Clark, waliovuka Amerika ya Kaskazini mpaka bahari ya Pasifiki katika miaka ya 1804 hadi 1806, walibeba moja katika safari yao. Hata bunduki hafifu ya kufundishia watoto huweza kutoa risasi kwa mwendo wa mita 150 au zaidi kwa sekunde moja. Jicho la mtu haliwezi kustahimili risasi hiyo. Jambo hili litakaa nasi mpaka mwisho wa somo.

Sasa tutazame aina zake. Ya kwanza, ambayo watu wengi huinunua, ni bunduki ya springi. Ndani yake mna springi nene ya chuma, na mbele ya springi mna pistoni. Mpigaji hushika mtutu karibu na mdomo wake, akaukunja chini kama mtu anayevunja muwa. Mtutu ukishuka, pistoni hurudishwa nyuma na springi hubanwa mpaka inase. Kufanya hivyo ndiko kukoki. Risasi moja hutiwa nyuma ya mtutu, mtutu hurudishwa mahali pake, na bunduki iko tayari. Kifyatulio kikivutwa, springi hufunguka ghafula, pistoni huruka mbele, hewa hubanwa, risasi hutoka.

Uzuri wa aina hii ni kwamba haitaki kitu kingine. Haina chupa, haina pampu, haiishiwi gesi. Lakini ina mambo mawili ambayo muuzaji hawezi kuwaeleza msipomwuliza.

La kwanza ni kule kukoki. Bunduki ya springi yenye nguvu zote zinazoruhusiwa huko Uingereza hutaka mkono wenye nguvu ya kilo 14 au 15, pengine zaidi. Hiyo ni ndoo ya maji ya lita 15. Mtu mzima huinua ndoo moja na kuitua, asione neno. Lakini mtoto anayejifunza hupiga risasi 30 au 40 kwa muda wa saa moja. Hebu mpeni binti wa miaka 12 ndoo ya lita 15, ainue mara 40, kisha mwambieni asimame kimya alenge shabaha ndogo kuliko senti. Mikono yake itatetemeka. Atakosa, na atadhani kwamba hana jicho zuri, kumbe ni mikono iliyochoka. Bunduki nyepesi ya springi, iliyotengenezwa kwa vijana, hutaka nguvu ya kilo 8 mpaka 10 hivi. Tofauti hiyo ni kubwa sana kwa mtoto.

Tena kuna hatari. Mtutu uliokunjwa ni kama mtego uliotegwa. Kifyatulio kikiteleza wakati mtutu uko wazi, mtutu huruka juu na kujifunga kwa nguvu zote za springi, na kidole kilichokuwa kikitia risasi huvunjika au hukatika. Bunduki nyingi za siku hizi zina kizuizi cha kuzuia jambo hilo, lakini za zamani nyingine hazina, na springi iliyochakaa haina adabu. Kwa hiyo kanuni ni hii: mkono mmoja hauuachi mtutu mpaka risasi imeingia na mtutu umefungwa. Mtoto ambaye hawezi kuushikilia mtutu kwa mkono mmoja, bunduki hiyo si yake.

La pili ni mtikiso, na hapa ndipo baba yetu alipokosea hesabu. Pistoni nzito inaporuka mbele, bunduki hurudi nyuma. Pistoni inapofika mwisho na kugonga, bunduki huruka mbele tena. Mambo haya yote mawili huanza kabla risasi haijatoka katika mtutu! Basi jinsi mpigaji alivyoishika bunduki hubadili njia ya risasi. Mtoto akiikaza leo na kuilegeza kesho, risasi zitakwenda mahali pawili, ingawa macho yake yalilenga palepale. Dawa yake ni kuilaza bunduki juu ya kiganja kilichofunguliwa, bila kuibana, na kuishika vilevile kila mara. Hilo huchukua muda kujifunza. Na springi ikizidi nguvu, mtikiso huzidi pia. Kwa hiyo bunduki yenye nguvu sana ndiyo ngumu kuliko zote kupigia vizuri, na mtu anayempa mwanafunzi bunduki hiyo amemtwisha kazi ya fundi siku ya kwanza.

Aina ya pili ni ya gesi. Hutiwa chupa ndogo ya chuma yenye gramu 12 za gesi, na chupa moja hutosha risasi nyingi. Haina mtikiso wa kusumbua, na ni rahisi kukoki. Lakini chupa zataka fedha kila mara, na siku za baridi gesi hupungua nguvu. Huko Uingereza siku za baridi si chache. Iko pia aina ya kusukuma pampu mara kadhaa kwa kila risasi moja. Hiyo humchosha mtoto, nami sitaiongeza neno.

Aina ya tatu ni bunduki inayojazwa hewa kabla. Hewa hutiwa katika chupa iliyo chini ya mtutu, nayo hubanwa mpaka bar 200 hivi. Tairi la motokaa lina bar 2 tu au zaidi kidogo. Basi chupa hii ina mara mia moja. Bunduki ikishajazwa, kazi ya kukoki ni ya vidole viwili, na mtikiso karibu haupo. Kwa mtoto kupiga shabaha, hakuna iliyo rahisi kuliko hii. Taabu yake ni bei, na ule ujazaji. Pampu ya mkono ya kuijaza yamtoa jasho mtu mzima, na chupa kubwa ya hewa yataka kukaguliwa na mtu anayejua. Kwa hiyo mahali pake pazuri ni katika chama, ambako mwalimu huijaza na kuitunza.

Na kwa kuwa tumetaja nguvu, ngoja niwaambie habari za mabingwa. Kupiga shabaha kwa bunduki ya upepo kuliingia katika michezo ya Olimpiki mwaka 1984, huko Los Angeles. Shabaha huwekwa mita 10 kutoka kwa mpigaji, na alama ya kumi ni kitone chenye upana wa nusu milimita, kama nukta mnayoiandika mwisho wa sentensi. Mwaka 2024, huko Paris, mshindi wa nishani ya dhahabu kwa wanawake alikuwa Ban Hyo-jin wa Korea ya Kusini, msichana wa miaka 16. Sasa andikeni hili: bunduki za mabingwa hao zina nguvu ya futi-ratili 5 au 6 tu. Ile anayoitaka baba yetu, ikiwa ni ya nguvu zote, ina 12. Bingwa wa dunia atumia nusu yake, naye hupiga nukta.

Tumekwisha kuona mashine. Tuje kwenye mwili wa mtoto, maana bunduki huchaguliwa kama viatu, lazima ijaribiwe.

Kwanza kitako. Hakikisheni bunduki haina risasi na haijakokiwa. Mtoto akunje mkono wake, kitako kiguse ndani ya kiwiko. Kidole cha shahada sharti kifike kwenye kifyatulio bila kujinyoosha. Kwa watu wazima urefu huo huwa kama sentimita 36. Mtoto wa miaka 12 hutaka 30 mpaka 33. Kitako kirefu humfanya mtoto apinde shingo na kusogea huku na huku, asipate kutulia. Kukata kitako kwa msumeno si jambo la kufanya nyumbani.

Kisha uzito. Bunduki ya vijana huwa kilo 2 na nusu hivi. Kubwa, pamoja na darubini yake, hufika kilo 4. Mpeni mtoto bunduki tupu, aielekeze ukutani amesimama, nanyi mhesabu polepole mpaka 20. Mtazameni yeye, msiitazame bunduki. Akiinama kwa nyuma ili kuupata uzito, na mtutu ukianza kushuka kama tawi lenye embe, mmepata jibu. Hata iliyo nyepesi, siku za kwanza aipigie ameketi, mtutu umelala juu ya mfuko wa mchanga.

Darubini iacheni. Aanze na kijiti cha mbele na pengo la nyuma, ajifunze kuvipanga sawasawa. Darubini huongeza uzito, na zile za bei rahisi hulegezwa na mtikiso wa springi.

Halafu jicho. Jaribio hili fanyeni sasa hivi, wote. Nyosheni mikono miwili mbele, vikutanisheni viganja mkaacha tundu ndogo katikati ya vidole gumba na vya shahada. Tazameni kitasa cha mlango kupitia tundu hiyo, macho yote mawili wazi. Bila kusogeza mikono, fumbeni jicho la kushoto. Nawapa nafasi.

(Kimya kidogo.)

Kama kitasa bado chaonekana, jicho lenu kuu ni la kulia. Kama kimepotea, ni la kushoto. Watu wengi wanaotumia mkono wa kulia wana jicho kuu la kulia, lakini si wote. Mtoto mwenye jicho kuu la kushoto aelekea kukosa shabaha akipigia bega la kulia, na hakuna ajuaye sababu. Mruhusuni ajaribu bega la kushoto. Kwa ajili yake tafuteni bunduki ambayo kitako chake ni sawa pande zote mbili.

Neno la tano ubaoni ni RISASI. Kwa Kiswahili neno hili lina maana mbili, nazo zote mbili ziko hapa: ni kitu kinachotoka katika bunduki, na ni jina la madini laini yaliyokitengeneza. Madini hayo ni sumu, nayo humdhuru mtoto kuliko mtu mzima. Hivyo mtoto hashiki risasi kwa midomo, kama wengine wafanyavyo ili mikono iwe huru, na baada ya kupiga ananawa kwa sabuni kabla ya kula chochote.

Ukubwa wa risasi ni namna mbili zinazopatikana sana: milimita 4.5 na milimita 5.5. Kwa anayeanza nunueni 4.5. Ni ya bei ndogo, tena haianguki upesi njiani. Ya kichwa bapa ndiyo nzuri kwa karatasi, kwa kuwa hukata tundu safi na mtoto huona vema alipopiga.

Ziko pia bunduki zinazopiga gololi za chuma. Huko Marekani watoto wengi walianzia na hizo. Kampuni ya Daisy, yenye sifa kubwa katika kazi hiyo, kwanza ilikuwa ikiwauzia wakulima mitambo inayozungushwa na upepo kuvuta maji. Katika miaka ya 1880 ilianza kumpa zawadi ya bunduki ndogo mkulima aliyenunua mtambo. Punde watu wakawa wanaitaka zawadi kuliko mtambo! Lakini gololi ya chuma ikigonga jiwe au ukuta hurudi kwa aliyeipiga. Risasi laini hurudi pia, ila hubonyea na kupoteza nguvu. Kwa mtoto anayeanza mimi nisingenunua gololi. Na vyovyote iwavyo, kila mmoja aliye hapo huvaa miwani ya kinga, hata mama aliyekuja kutazama tu.

Sasa sheria, maana barua ya mama ina neno moja lenye matata: zawadi. Huko England na Wales mtu wa chini ya miaka 18 hawezi kununua bunduki ya upepo, wala haruhusiwi kupewa kuwa zawadi. Bunduki ni ya mzazi, na jina lake na dhima yake ni juu ya mzazi. Mtoto wa chini ya miaka 14 aipiga akiwa chini ya macho ya mtu mwenye miaka 21 au zaidi, mahali pa mtu binafsi penye ruhusa ya mwenyewe. Tangu mwaka 2011, mwenye bunduki asiyejihadhari ili watoto wasiipate amevunja sheria. Kwa hiyo hufungiwa, na ufunguo haukai juu ya mlango ambapo kila mtoto anapajua. Bunduki inayozidi futi-ratili 12 yataka cheti cha polisi. Huko Scotland cheti chatakiwa kwa karibu bunduki zote za upepo, tangu siku ya mwisho ya mwaka 2016.

Tena risasi haina ruhusa ya kuvuka mpaka wa kiwanja chako. Hapa nawaomba mfikiri. Nyumba nyingi za mijini huko zina kijibustani cha hatua chache, na nyuma ya ua kuna jirani anayeanika nguo. Ua wa mbao si kinga. Nyuma ya shabaha sharti kuwe na sanduku lililojaa mchanga, au kilima cha udongo, au ukuta wenye kinga mbele yake, na pasiwe na njia ya mtu kutokea ubavuni. Kama mahali hapo hakuna, bunduki haipigwi nyumbani, hata iwe nyepesi namna gani.

Basi mama, hili ndilo jibu letu. Bunduki ya yule mtu wa kazini isinunuliwe kwa ajili ya binti. Ni ya zamani, springi yake hamwijui, ni nzito kwake, na nguvu zake zitamfanya akose. Baba akiipenda, ainunue iwe yake mwenyewe, aifungie. Siku ya kuzaliwa ikifika, mlipieni binti ada ya chama cha kupiga shabaha chenye mwalimu wa vijana. Huko atapiga kwa bunduki zilizojazwa hewa, za kimo chake, nanyi mtaona kama moyo wake umo kweli au ni furaha ya juma moja. Kama baada ya miezi kadhaa bado anataka, nendeni naye dukani, mkanunue kwa jina lenu bunduki nyepesi ya springi ya milimita 4.5, yenye nguvu ya futi-ratili 6 hivi. Akoki mwenyewe mbele yenu mara kumi kabla hamjalipa. Asipoweza mara ya kumi kama alivyoweza ya kwanza, irudisheni mezani, mngojee mwaka.

Kiongozi wa darasa, sasa kila mmoja aandike sentensi moja kwa kila neno lililo ubaoni. Kwaherini, wasikilizaji.